Usitie Sahihi Mbele

Mchoro ulikuwa umeshafungwa. Karatasi laini juu yake, karatasi laini chini yake, nami nimepiga magoti sakafuni natafuta ncha ya utepe wa gundi kwa ukucha, pale simu iliponiita. Mnunuzi.

"Samahani kwa usumbufu. Nina maombi matatu. Nje ya kifurushi pasiandikwe chochote kinachoeleza kilichomo. Jina la duka lisionekane popote. Na kama sijachelewa, naomba usitie sahihi mbele."

Mawili ya kwanza nimeyazoea. Anayeuza michoro ya wanaume mtandaoni huyasikia mpaka hayaoni tena kuwa maombi. Kwenye fomu ya forodha naandika "mchoro kwenye karatasi", na hapo sijasema uongo.

La tatu lilinifanya niuachie utepe.

Ni mchoro wa mwanamume aliyekaa ukingoni mwa kitanda, ametupa mgongo, ameinama kuokota soksi. Hana nguo. Nimeuchora kwa mkaa, na kama kuna cha kujivunia humo ni pingili za uti wa mgongo: kwa kuwa ameinama zimejitokeza moja moja, kila moja na mwanga wake, za juu kali, za chini zinafifia mpaka zinapotelea kiunoni. Kingine ni unyayo wa mguu wa kushoto. Una vumbi. Jina langu liko kona ya chini kulia, dogo, ndani ya kivuli cha kitanda, jirani kabisa na soksi. Niliandika kwa mkaa ule ule, kabla sijanawa mikono. Kulifuta jina ni kufuta kivuli, na kivuli kikitoka, mtu wangu anabaki ameelea hewani.

Nikamjibu kwamba sahihi imeshatiwa, anipe muda nifikirie. Akasema hana haraka.

Nilidhani nitafikiria siku mbili. Zilipita wiki tano, na ndiyo maana naandika haya.

Kila kitu kinajitembeza

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Waliosema hivyo hawakuwahi kufungua duka mtandaoni. Huku chema na kibaya vinajitembeza pamoja, na chema kikisimama kupumua tu, hakionekani tena.

Soko ninalouzia lina watu wake. Wasanii ni mashoga na wenzao wote wa jamii hii, na kinachouzwa ni mwili wa mwanamume: umechorwa, umechongwa, umepigwa picha. (Neno shoga nalitumia kwa makusudi. Kabla halijawa jiwe la kurushia watu, wanawake waliitana hivyo, na mpaka leo wanaitana: shoga yangu, rafiki wa kufa na kuzikana. Sioni kwa nini niwaachie warusha mawe neno zuri namna hiyo.) Unafungua wasifu, unapandisha picha, unaandika kipimo, zana na mwaka. Soko linachukua fungu lake. Kwenye masoko makubwa ya sanaa fungu hilo hufika asilimia 40, na majumba ya maonyesho yenye kuta na milango yamezoea nusu kwa nusu, kwa hiyo hapo sina ugomvi wa kuandikia makala.

Siku ya kujiandikisha kuna kisanduku kidogo. Je, unajitambulisha kuwa msanii wa jamii ya LGBTQ? Niliweka tiki. Ilichukua sekunde moja, baada ya miaka kumi na kitu ya kuifikiria.

Kwa nini sikubaki kwenye masoko ya kila mtu? Nilijaribu. Kwenye moja, mchoro wa mgongo mtupu uliondolewa kwa maelezo kwamba natangaza huduma za ngono. Nikakata rufaa, ukarudi, ukaondolewa tena usiku ule ule. Kwenye jingine niliambiwa nilete kitambulisho cha mtu aliye kwenye mchoro pamoja na ridhaa yake kwa maandishi.

Shingo ni ya mtu niliyemwona mara moja akisubiri lifti. Mgongo ni wa rafiki aliyenikalia dakika arobaini akilalamika baridi. Miguu ni yangu, kwenye kioo. Nipeleke kitambulisho cha nani?

Najua ombi lile lilitoka wapi. Tangu Oktoba 2021 Mastercard inadai kwamba wanaouza maudhui ya watu wazima wawe na uthibitisho wa umri na utambulisho wa kila anayeonekana. Kwa picha na video za watu halisi naiunga mkono kwa mikono miwili. Shida ni kwamba mfanyakazi wa soko, au mashine yake, akiona paja hasimami kuuliza kama limetoka kwenye kamera au kwenye mkaa. Kadi zikikataliwa, soko limekufa. Kwa hiyo soko linajihami mapema, na linakuhami na wewe hata usipoomba.

Mwaka 2018 ndio ulioacha kovu. Aprili, Marekani ilitia sahihi sheria za FOSTA na SESTA zinazozibebesha tovuti lawama ya biashara ya ngono inayopitia kwao. Desemba 17, mtandao wa Tumblr ukafunga mlango kwa picha za utupu. Wachoraji wengi wa miili ya wanaume walikuwa wamejenga pale kila walichonacho, watazamaji, wateja, kumbukumbu za miaka. Kwenye maandishi ya sheria zake, sanaa iliruhusiwa. Mashine haikusoma maandishi. Juni 2021 eBay nayo ikafunga sehemu yake ya watu wazima. Na mwaka huo huo bodi ya utalii ya Vienna, imechoka kuona kazi za makumbusho ya mji wake zinafutwa kwenye mitandao, ikafungua akaunti OnlyFans. Egon Schiele, mchoraji wa mji huo aliyekufa 1918, akaingia kwenye biashara ya maudhui ya watu wazima akiwa kaburini.

Nilicheka sana. Halafu nikaacha.

London, kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert, kuna jani kubwa la mtini la plasta. Lilitengenezwa karne ya 19 ili kufunika utupu wa nakala ya Daudi, sanamu ya Michelangelo, pale wageni wa kifalme walipokuja kutembelea, na lilining'inizwa kwa kulabu mbili. Nalipenda jani lile. Lina adabu zake: mgeni akishaondoka, linatolewa, Daudi anarudi kuwa Daudi. Jani la mashine halina kulabu.

Utupu

Lugha yetu ina neno moja linalonisumbua. Debe tupu halina kitu ndani. Mikono mitupu haikubeba chochote. Na picha ya mtu asiye na nguo tunaiita picha ya utupu, kana kwamba nguo ndizo zilizokuwa mtu, na zikishatoka hakuna kilichobaki.

Namwangalia mtu wangu wa soksi. Ana pingili kumi na mbili ninazoweza kuzihesabu. Ana vumbi unyayoni, maana yake ametembea pekupeku, maana yake yuko mahali alipozoea. Anaokota soksi moja, na ya pili haionekani, kwa hiyo ataitafuta, na pengine kuna mtu kitandani nyuma yake, nje ya ukingo wa karatasi, anayemcheka. Hayo yote yamo. Utupu uko wapi?

Usiku mmoja katika wiki zile nilimwandikia mnunuzi methali: mficha uchi hazai. Nikaitazama kwenye skrini. Ilikuwa tamu, inauma, na maana yake ya juu juu ilinichekesha. Kidole kilikuwa kinaelekea kwenye kitufe cha kutuma.

Nikaifuta. Mimi mwenyewe nilificha miaka kumi na kitu. Nilipokuwa naficha, walionirushia methali hawakunisaidia hata mmoja, na nakumbuka majina yao.

Chini ya kitanda

Kwa hiyo nikaacha kumsema, nikaanza kusoma kuhusu wanunuzi. Vitabu vya sanaa vimejaa wachoraji, ila mnunuzi huwa ni jina kwenye mabano tu. Kwa sanaa ya aina yetu, hata mabano hana.

Duncan Grant, mchoraji Mwingereza, alichora miaka ya 1940 na 1950 mamia ya michoro ya wanaume wakiwa pamoja kimapenzi, wakati mapenzi hayo ni kosa la jinai nchini kwake. Mwaka 1959 alimpa rafiki yake Edward le Bas jalada lenye maandishi yanayosema kwamba michoro hii ni ya siri sana. Le Bas alipofariki, watu waliamini dada yake ameiteketeza yote. Kumbe haikuteketea. Ilikuwa inatembea, rafiki kwa rafiki, mpenzi kwa mpenzi, kwa karibu miaka 60. Aliyeishika mwisho alikuwa anaiweka chini ya kitanda. Mwaka 2020 akaikabidhi Charleston, nyumba aliyoishi Grant, ambayo sasa ni makumbusho. Ilipohesabiwa ikawa michoro 422.

Nilisoma habari hiyo nikiwa nimesimama jikoni, na nikasahau kilichonipeleka jikoni.

Mia nne ishirini na miwili, chini ya kitanda! Hakukuwa na soko, wala fungu la asilimia, wala kisanduku cha tiki. Kulikuwa na mtu anayejua nani anaweza kuaminiwa. Sisi tunajisifu kwamba intaneti imetuunganisha. Wale waliunganishwa na nini?

Tena kuna upande wa pili, na huu sikuupenda. Newton Arvin alikuwa profesa wa fasihi katika Smith College, mhakiki aliyepata tuzo ya National Book Award mwaka 1951. Septemba 1960 polisi waliingia nyumbani kwake wakakuta magazeti ya picha za wanaume wenye misuli, pamoja na shajara zake. Alikamatwa, akawataja wenzake. Akapoteza ufundishaji wake, na walimu wawili wadogo wakapoteza kazi pamoja naye. Mwaka 1962 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya MANual Enterprises dhidi ya Day, iliamua kwamba magazeti ya namna hiyo si machafu kiasi cha kuzuiwa na posta. Arvin alifariki 1963. Alipata miezi kama tisa tu ya kuishi katika nchi ambako kosa lake la kukusanya picha lilikuwa limeanza kuonekana si kosa.

Mkusanyaji. Hakuchora hata mstari mmoja.

Nilikuwa nimezoea kujiona mimi ndiye mwenye ujasiri katika biashara hii: mimi naonekana, mnunuzi amejificha nyuma ya jina la mtumiaji lenye tarakimu nne. Baada ya Arvin niliona aibu kidogo.

Jina la kukopa

Sahihi yenyewe ina historia yake, na huwezi kuisimulia bila Tom of Finland.

Jina lake la kuzaliwa ni Touko Laaksonen. Mchana alifanya kazi ya matangazo Helsinki. Usiku alichora wakata miti, mabaharia na waendesha pikipiki wenye mapaja mazito na nyuso zisizo na huzuni hata tone. Alipotuma michoro yake kwa gazeti la Physique Pictorial, lililokuwa likichapishwa Los Angeles na Bob Mizer tangu 1951, alitia sahihi "Tom", kwa kuwa linakaribiana na Touko. Mchoro ukatoka kwenye jalada mwaka 1957, na mhariri akamwongezea "of Finland". Jina la kujifichia likawa ndilo jina. Mwaka 1973 alifanya maonyesho Hamburg, na michoro yote ikaibiwa isipokuwa mmoja. (Wezi nao ni wakusanyaji wa aina fulani. Hilo nalo nililifikiria sana, labda kupita kiasi.) Mwaka 1984 yeye na Durk Dehner walianzisha taasisi ya kulinda kazi zake, maana zilikuwa zinanakiliwa ovyo. Na mwaka 2014, miaka 23 baada ya kifo chake, Finland iliwatia wanaume wake kwenye stempu.

Stempu! Sanaa iliyokuwa inaviziwa na posta ikawa ndiyo nauli ya posta.

Kinachonivuta zaidi ni ule mwaka 1957. Mchoraji amejificha, msomaji amejificha, na katikati yao kuna gazeti lenye kisingizio cha mazoezi ya viungo. Wote wawili wako upande mmoja wa pazia. Touko hakumhatarisha mnunuzi kwa jina lake, kwa sababu jina lake halikuwepo.

Sikuliona hilo mara ya kwanza. Lilinijia baadaye, na lilikuja na barua ya mtu mwingine.

Wanachotafuta

Lakini kabla ya barua niseme ukweli usiopendeza. Sehemu ya hasira yangu haikuwa ya heshima.

Nina mchoro wa mzee mwenye kitambi anayekata kucha za miguu. Ndio mchoro wangu bora, sibishani na mtu. Umekaa dukani miezi kumi na minne. Umepata mioyo mingi, na moyo hauchukuliwi na posta. Wanaotoka haraka ni vijana, kifua, tumbo la ngazi, kidevu kimeinuliwa. Ukiandika kwenye kisanduku cha kutafutia, soko linakukamilishia neno kabla hujamaliza, na halijawahi kunikamilishia "kitambi". Kuna wanunuzi wanaouliza kuhusu karatasi, kama haina asidi, kama mkaa umewekewa dawa ya kuushika. Kuna wanaouliza kama modeli anapatikana kwa mazungumzo. Wote nawajibu kwa adabu ile ile, ila si kwa furaha ile ile.

Na kuna msimu nilichora kwa ajili ya kile kisanduku. Vifua vinane mfululizo. Viliuzwa sita. Cha saba nilipokianza, mkono ulijua njia yote bila mimi, ukafika kitovuni wakati mimi bado nafikiria chakula. Nikajua hapo nimeshakuwa kiwanda.

Kwa hiyo aliposema usitie sahihi mbele, nilichosikia ni: nataka mwili, wewe ondoka. Niliweka ombi lake kwenye fungu la wale wanaouliza kama modeli anapatikana. Sikumuuliza. Nilimhukumu, nikasoma vitabu wiki nne ili nimhukumu vizuri.

Wiki ya tano ndipo nikamuuliza.

Upande wa mashati

Niliandika maneno machache: mchoro utakaa wapi, na sahihi inakukwaza nini?

Jibu lilichukua siku tatu. Nimeomba ruhusa yake kulinukuu, akakubali, akasahihisha mwenyewe koma moja.

"Utakaa ndani ya mlango wa kabati, upande wa mashati. Naishi na watu. Mgongo siuogopi. Mtu akiuona nitamwambia ni sanaa, ni somo la anatomia, nilipewa zawadi. Mgongo una maelezo mengi. Jina lako halina maelezo. Akiliandika kwenye simu, cha kwanza kutokea ni ukurasa wako, na juu ya ukurasa pameandikwa wewe ni nani na unawachorea kina nani. Mchoro utasema kidogo. Jina litasema yote. Najua si haki, kwa sababu mimi mwenyewe ndivyo nilivyokupata."

Nilisoma mara moja. Nikaenda nikafungua ukurasa wangu kama mgeni, bila kuingia kwenye akaunti.

Ndiyo. Jina langu, picha yangu, na chini yake ile tiki imegeuzwa kuwa kibandiko chenye rangi.

Sikuwahi kuiwaza tiki ile kama kitu kinachosafiri. Kwangu ilikuwa ni yangu: miaka yangu, mlango wangu, nimeufungua mwenyewe. Kumbe kila karatasi ninayoiandika jina inaibeba, inaingia nayo nyumbani kwa mtu, inakaa ukutani kwake na kusema habari zake. Uwazi wangu ulikuwa unamfichua yeye. Laiti ningekuwa nimejificha kama Touko, jina langu lingekuwa wino tu. Na laiti ningejificha, asingenipata.

Niliingia kwenye mipangilio. Kisanduku kipo pale pale, tiki iko ndani. Kidole kikakaa juu yake kwa muda ambao sitaki kuutaja.

Sikuitoa. Ningekuwa mwongo nikisema nilikuwa na hoja. Niliikumbuka ile sekunde moja, basi.

Ninachohofia

Ningeweza kumchorea mwingine bila sahihi. Si kazi kubwa, kivuli ni kile kile. Kilichonizuia ni habari za Charles Leslie na Fritz Lohman. Hawa walianza kuonyesha kazi za wasanii mashoga nyumbani kwao SoHo, New York, mwaka 1969. Ukimwi ulipokuja, wasanii wakawa wanakufa, na familia zikija kufunga nyumba zinakuta michoro, na michoro inakwenda kwenye mapipa ya taka. Wawili wale wakawa wanaikimbilia. Mkusanyiko wao leo ni jumba la makumbusho, Leslie-Lohman.

Siku moja kabati lile litafunguliwa na mtu asiye mwenyewe. Sisemi kwa ubaya, ndivyo makabati yalivyo. Atakuta mgongo. Kama kuna jina, ataliandika kwenye simu, na kile kile anachokiogopa mnunuzi wangu leo ndicho kitakachomwambia mtu yule kwamba karatasi hii ina mwenyewe, ina wenzake, kuna mahali inatakiwa. Bila jina ni karatasi chafu ya mkaa nyuma ya mashati.

Nilimweleza hivyo. Akajibu: "Hiyo ni siku ambayo mimi sipo. Mimi naulizia siku ambazo nipo."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Dirisha

Tulichofanya mwishowe ni kitu cha fundi. Watengeneza fremu wana kadi nene wanayoikata dirisha katikati na kuiweka juu ya mchoro, isigusane na kioo. Kadi hiyo hufunika kingo. Nikapima. Sahihi iko sentimita mbili na nusu kutoka chini. Nikakata dirisha kwa kisu kilicholazwa nyuzi 45, nikaharibu kadi mbili kwa kona, ya tatu ikakubali. Nikailaza juu ya mchoro.

Jina limeondoka. Kivuli kimebaki cha kutosha, mtu wangu amekaa vizuri kitandani, pingili zote zipo, unyayo upo na vumbi lake.

Soksi imeondoka na jina.

Sasa ni mwanamume aliyeinama kufikia kitu kisichoonekana. Nilimpigia picha nikamtumia mnunuzi, nikamwambia wazi: unapoteza soksi. Akasema sawa. Kadi sikuigundisha, nimeishika kwa vipande viwili vya karatasi juu tu, kama bawaba, ili aweze kuiinua. Nyuma ya mchoro sikuandika kitu. Kwenye fomu ya forodha nikaandika nilichozoea kuandika.

Kifurushi kilifika baada ya siku kumi na moja. Alinitumia picha: mlango wa kabati, mashati sita, mengi ya bluu, na kati ya ubao na shati la mwisho, mgongo.

Juzi ameandika tena. Anasema alikuwa peke yake nyumbani, akainua kadi. Alitaka kuiona soksi.

Hakusema kama ameirudisha.